Sauti za Waombaji wa Vyuo wa Mwaka wa Korona Zisipotee Pemba

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huitumia methali hii kwa mambo ya duka na ya fedha. Leo sisi twapenda kuitumia kwa mali nyingine, ambayo haipimwi kwa mizani wala haitiwi katika magunia, nayo ni kumbukumbu ya vijana wa kisiwa hiki waliokuwa wakiomba nafasi katika vyuo vikuu mwaka 2020, mwaka ambao maradhi ya korona yaliifunga dunia milango.

Vijana hao sasa wamekwisha kuwa watu wazima. Wako waliomaliza masomo wakashika kazi, na wako waliomaliza na bado wanazunguka na vyeti vyao. Wako walioolewa na walioanza kulea. Wako pia ambao hawakufika chuoni hata siku moja, na hao ndio tunaowasahau upesi zaidi. Kila mmoja anayo habari yake, na kila mwaka unaopita unakula sehemu ya habari ile. Ndiyo maana twasema kwamba kazi ya kuzikusanya sauti hizi haifai kungoja.

Hebu tukumbushane jinsi mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Kesho yake, tarehe 17, skuli zikaamriwa kufungwa, na vyuo vikafuata. Mtihani wa Kidato cha Sita ulikuwa umepangwa kuanza mwanzoni mwa mwezi wa Mei. Mwanafunzi aliyekuwa katika dakhalia, amezoea kengele, mwalimu na taa ya kusomea, akafungasha godoro lake akarudi kwao. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia; na kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, Ramadhani ikaingia. Baada ya Idd el Fitr, tarehe 1 Juni, madarasa ya Kidato cha Sita na vyuo yakafunguliwa tena, na tarehe 29 ya mwezi ule ule mtihani ukaanza. Basi aliyekaa nje ya darasa kwa siku 76 alipewa siku 28 za kujiandaa kwa mtihani utakaoamua njia yake ya maisha. Mwezi wa Agosti matokeo yakatoka, na hapo mbio za kuomba vyuo na mikopo zikaanza, katika majira ambayo taifa zima lilikuwa katika kampeni za uchaguzi mkuu wa tarehe 28 Oktoba.

Hizo ni tarehe, na tarehe ni kitu chema. Lakini tarehe hazisemi kijana alisoma wapi mchana ule ambao nyumba ilikuwa imejaa wadogo zake. Hazisemi kama baba alimtaka aende shambani au baharini kwa kuwa skuli imefungwa, wala kama binti aliachiwa saa ya kushika kitabu au alikabidhiwa jiko mpaka jua likatua. Hazisemi ni wangapi waliposwa katika miezi ile. Mambo hayo hayamo katika faili la ofisi yoyote. Yamo vifuani mwa watu.

Tena hali ya Pemba si sawa na ya kila mahali. Kisiwa hiki chenye watu zaidi ya nusu milioni kinaishi kwa karafuu, kwa bahari, kwa kilimo cha chakula, na kwa fedha wanazotuma watoto wake waliotawanyika Unguja, bara na ng'ambo. Korona ilipokuja, watalii wakakoma kuja na hoteli nyingi za Unguja zikafunga milango. Zilikuja kuona ndege za wageni zikirudi mwezi wa Juni. Mfanyakazi wa Kipemba aliyekuwa akipika, akifua au akilinda katika hoteli hizo alirudi nyumbani mikono mitupu. Mara nyingi mtu huyo ndiye kaka au mjomba aliyetegemewa kulipa nauli ya mwombaji wa chuo. Kwa hiyo hapa maradhi yaliweza kuivunja safari ya masomo bila ya kumgusa mtu yeyote wa nyumba ile kwa homa wala kwa kikohozi.

Na kuomba chuo kwenyewe ni kazi. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake chuoni moja kwa moja, chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu, na maombi hayo hupita katika intaneti. Mkopo nao huombwa kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, au kwa bodi ya Zanzibar iliyoundwa mwaka 2011. Nako huko kwataka cheti cha kuzaliwa, picha, saini za wadhamini na mihuri. Kwa mtoto wa mjini aliye na kompyuta mezani, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kwa mtoto wa Kojani, ambaye hana budi kuvuka maji kwa chombo kabla ya kukanyaga barabara, au wa Kisiwa Panza, ni safari. Yeye huenda Wete au Chake Chake, akamlipa mtu mwenye kompyuta amjazie fomu, akarudi kwao asijue kama jina lake limeandikwa sawasawa. Sisi twauliza: katika mwaka ule wa hofu na barakoa, safari hizo zilifanywaje? Nani alizifanya, na nani aliziacha katikati? Jibu wanalo waombaji wenyewe.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nasi hatuna budi kuisema bila ya kuzungusha maneno. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu za taifa zilikuwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikanyamaza. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja takwimu za maradhi hazikutolewa kwa desturi. Mwezi wa Juni 2020 wananchi waliambiwa kwamba maradhi yameondoka kwa sala. Zikaja siku za mwanzo wa 2021, na misiba ikasema yenyewe. Mtu atakayetaka kuiandika historia ya miezi ile kwa kutegemea karatasi za serikali peke yake atakuta ukurasa mweupe. Hapo ndipo ushahidi wa mdomo unapokuwa nguzo ya nyumba. Mahali ambapo kalamu ilinyamaza, ulimi hauna budi kusema. Na usiposema sasa, mwengine atausemea.

Hili la kusemewa si jambo geni kwetu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliishambulia Zanzibar kikaua maelfu ya watu. Habari zake twazipata zaidi katika kitabu cha tabibu wa Kiingereza, James Christie, aliyekaa Unguja wakati ule na kukichapisha kitabu chake London mwaka 1876. Twamshukuru kwa kazi yake, maana bila yeye tungejua machache zaidi. Lakini alitazama kwa macho ya mgeni na ya mganga. Mama aliyemzika mtoto wake asubuhi na mume wake jioni hakuulizwa neno lolote, wala mtumwa wa shambani, wala nahodha wa jahazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Je, na sisi twataka wajukuu zetu waisome korona ya Pemba katika vitabu vya wageni tu, hali wenyewe walioilalia wako hai, na wengi wao ni watu waliosoma?

Kazi tunayoitaka si ndoto, kwani imekwisha kufanywa katika nchi hii. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini wakawaulize wazee habari za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walimu walioiongoza kazi ile walikuwa pamoja na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Wanafunzi wakaandika waliyoyasikia, na karatasi zao zikakusanywa pamoja. Kabla ya hapo vita vile vilijulikana hasa kwa taarifa za Wajerumani, yaani kwa maneno ya wale waliovizima. Baada ya hapo vikajulikana pia kwa maneno ya watoto na wajukuu wa wale waliopigana. Hilo ni badiliko kubwa kwa taifa, na lilifanywa na vijana wenye daftari na kalamu, ambao wengi walikuwa hawajafika hata miaka thelathini.

Lakini Maji Maji yatufundisha pia hasara ya kuchelewa. Tangu vita mpaka 1968 ilikuwa imepita miaka sitini na zaidi. Wengi wa mashahidi wenyewe walikuwa kaburini. Tukiiga mwendo ule, korona ya Pemba itaanza kuulizwa karibu na mwaka 2083. Yupi katika wasomaji wetu atakayekuwapo kujibu?

Mfano wa pili ni wa kwetu zaidi, maana watu wake wawili ni watoto wa Pemba. Mwaka 2009 mwanahistoria wa Kimarekani G. Thomas Burgess alitoa kitabu alichokijenga juu ya mazungumzo marefu na Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad. Ali Sultan alikuwa mwanamapinduzi aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu wa Zanzibar baada ya 1964. Seif Sharif alikuwa kijana wa Mtambwe aliyemaliza sekondari Unguja mwaka 1963, akiwa na sifa zote za kwenda chuo kikuu, lakini akawekwa kufundisha katika skuli, ya Fidel Castro hapa Pemba ikiwa mojawapo, asiingie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka mwaka 1972. Kumbe basi habari ya Mpemba anayeukodolea macho mlango wa chuo haikuanza na korona. Katika kitabu kile wakubwa hao wawili hawakubaliani juu ya mambo mengi, nao wamewekwa pamoja katika jalada moja, msomaji apime mwenyewe. Ndivyo ilivyo historia ya mdomo: haitoi hukumu ya kadhi, hutoa mashahidi.

Na tazama jinsi mambo yanavyofungamana. Seif Sharif Hamad, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki dunia tarehe 17 Februari, 2021, baada ya chama chake kutangaza kwamba amepatwa na virusi vya korona. Akaletwa kuzikwa Mtambwe. Lau kama mtu asingalikaa naye miaka ile na chombo cha kunasa sauti, habari za ujana wake, za miaka yake ya kungoja masomo, zingalifukiwa pamoja naye, au zingalibaki kwa vipande katika baraza za kahawa. Vijana waliokuwa mwaka wao wa kwanza chuoni walipoisikia habari ya msiba ule, na waliosimama kando ya njia jeneza likipita, nao wanayo ya kueleza.

Watakuwako watakaopinga. Wa kwanza atasema: historia ni ya wazee; kijana wa miaka ishirini na mitano ana historia gani? Sisi twajibu kwamba mzee wa kesho ni kijana wa leo, na ukumbusho ni kama tunda, una wakati wake wa kuchumwa. Karafuu ikiachwa mtini hata ikafunguka, haifai tena kwa soko. Mtu akiulizwa mapema hukumbuka bei ya nauli, jina la mwalimu, rangi ya kitambaa cha barakoa aliyoshonewa na mama yake. Akiulizwa baada ya miaka arobaini atasema tu kwamba mambo yalikuwa magumu.

Wa pili atasema: mnafukua yaliyozikwa, mwaka ule ulikuwa na uchaguzi, na Pemba ilipita katika siku za uchungu mwezi wa Oktoba. Ni kweli. Kijana aliyekuwa akingoja jibu la chuo katika wiki ile, mitandao ya mawasiliano imebanwa na njia zina askari, hawezi kuyatenga maradhi, masomo na siasa kama mtu anayechambua makonyo na karafuu. Yote yalimjia kwa mpigo mmoja. Mkusanyaji mwaminifu atamwacha aseme kama yalivyomjia, wala hatamkata neno. Chama chochote cha siasa kinachoogopa kumbukumbu za vijana wake kimekwisha kujihukumu. Kidonda kinachooshwa huuma, lakini kile kinachofunikwa bila ya kuoshwa ndicho kinachooza.

Wa tatu atauliza gharama. Zamani chombo cha kunasa sauti kilikuwa mzigo wa kubebwa na punda. Siku hizi kimo katika simu ya mkononi ya karibu kila kijana. Gharama iliyopo ni ya uaminifu, mpango na mahali pa kuhifadhi.

Basi kazi hii ifanyweje? Sisi twaona mambo machache hayaachiki.

Kwanza, isikusanywe kwa waliofaulu peke yao. Aliyepata chuo atasimulia safari yenye mwisho mwema, na watu hupenda kuisikia. Lakini kipimo cha mwaka ule wanacho hasa waliokosa: aliyefeli mtihani baada ya zile siku 28, aliyepata nafasi akakosa mkopo, aliyepata vyote viwili akazuiwa na msiba wa nyumbani. Asiyekuwapo na lake halipo; na kitabu cha washindi watupu ni uwongo hata kama kila neno lake ni kweli.

Pili, mkusanyaji ajue kwamba vijana hawa wamezoea kueleza maisha yao kwa kuomba. Katika fomu ya mkopo wamefundishwa kuonyesha umaskini wao. Katika barua ya chuo wameonyesha ushujaa wao. Akiona mgeni na daftari, kijana atadhani kuna msaada unakuja, naye atapanga maneno yake kwa mujibu huo. Kwa hiyo aambiwe tangu mwanzo kwamba hapana kitakachotolewa wala kitakachozuiwa kwa maneno yake, na kwamba anaweza kunyamaza penye swali asilolipenda. Hapo ndipo ukweli utakapoanza kukaa kitako.

Tatu, ridhaa iwe ya kweli. Mtu achague kama jina lake litajwe au lifichwe, na kama sauti yake isikilizwe sasa au baada ya miaka kadhaa. Wasichana waulizwe na wanawake wenzao, mahali ambapo watasema kwa nafasi, wala si mbele ya mume, baba au sheha.

Nne, lugha isisafishwe. Mtu wa Micheweni aseme Kipemba cha Micheweni, na kibaki hivyo hivyo katika maandishi. Mwenye kukigeuza kiwe Kiswahili cha skuli amemvua msemaji nguo yake akamvika ya kuazima.

Tano, nakala zisiwe mahali pamoja. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja, nazo zastahili kupewa nakala. Lakini nakala nyingine ikae Pemba, katika makumbusho ya Chake Chake au katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar iliyopo Mchanga Mdogo, ili aliyetoa sauti yake asilazimike kupanda meli kwenda kuisikia. Chuo hicho, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kina wanafunzi waliozaliwa katika vijiji hivi hivi. Hakuna atakayepokewa kwa ukunjufu kama wao.

Mataifa mengine hayakulala. Huko Uingereza shirika la Mass Observation, lililoanza kazi mwaka 1937, liliwaomba watu wa kawaida waandike mambo yao ya siku moja ya mwezi wa Mei 2020, nao wakaandika. Huko Marekani wataalamu wa chuo kikuu cha jimbo la Arizona walifungua hazina ya kumbukumbu za korona tangu mwezi wa Machi mwaka ule. Hawakufanya hivyo kwa kuwa wana wakati wa kuchezea. Wanajua kwamba tauni nyingine yaweza kuja, na kwamba serikali itakayotaka kufunga skuli tena itahitaji kujua kilichowapata watoto ilipozifunga mara ya kwanza.

Na hilo ndilo faida ya karibu ya kazi hii. Kama sauti mia mbili za Pemba zitatuambia kwamba masomo ya redio hayakusikika kwa sababu redio ya nyumba ilikwenda na baba baharini, tutajua la kufanya mara nyingine. Kama zitatuambia kwamba wengi walikwama kwa cheti cha kuzaliwa, ofisi ya usajili itajua pa kupeleka watumishi wake. Maendeleo hayajengwi juu ya yale viongozi wanayoyadhani, bali juu ya yale wananchi wanayoyajua.

Wanachama na wafanyakazi mnaosoma ukurasa huu, kazi hii si ya maprofesa peke yao. Mpagazi wa bandari ya Mkoani, mwalimu wa Konde, mchumaji karafuu wa Mtambwe, karani wa Wete: katika nyumba zenu au za jirani zenu yumo kijana aliyekuwa akiomba chuo mwaka 2020. Usiku wa leo, baada ya chakula, mwulizeni mambo yalikuwaje. Msimkatize, wala msimsahihishe. Kisha mwambieni aandike tarehe, na karatasi ile iwekwe pamoja na hati ya shamba na vyeti vya nikaha. Itakapofika siku chuo na hifadhi ya nyaraka watakapobisha hodi, nasi twawataka wabishe upesi, watakuta daftari limekwisha kufunguliwa.